Msinipigie Simu Saa Nane

Kama hujawahi kumpigia simu Mama Keki, basi hujui maana ya kupokelewa. Simu yake haikuwahi kuita ikachoka. Awe anaoga, awe anakula, awe amelala fofofo, mkono wake ulijua simu ilipo kabla macho hayajafunguka. "Haloo mpenzi, keki gani?" Ndivyo alivyopokea, apige mteja, apige daktari wa meno, apige mwalimu mkuu mwenye malalamiko kuhusu watoto. Mumewe alikuwa na utani wake: alisema siku mke wangu akifa, tafadhali mtu asijaribu ile namba wakati wa maziko, maana atapokea, na waombolezaji wote watatimua mbio.

Usimcheke. Mtu anayeoka keki nyumbani hana duka, hana kibao barabarani, hana dirisha la kioo la watu kuchungulia. Duka lake ni simu. Mteja akipiga bila kupokelewa anahamia kwa yule mwokaji wa mtaa wa nyuma, ambaye keki zake ni kavu mpaka uteremshie kwa maji, lakini anapatikana. Mama Keki alimjua vizuri mwanamke yule. Kila simu aliyoiwahi aliona kama amempokonya yeye kitu mkononi.

Mumewe alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Mpole, mwenye maneno ya kupima, mchora ramani za majengo kwa kazi. Nyumba nyingi za mji ule zilipitia mikononi mwake zikiwa bado mistari. Kisha kampuni ikafa. Asubuhi moja mwenye kampuni aliwakusanya, akawashukuru, akafuta jasho, akafunga ofisi. Mume akarudi nyumbani na kompyuta yake ya kupakata, aliyoruhusiwa kuichukua kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Bawaba yake moja ilikuwa imevunjika, ikafungwa kwa utepe wa gundi.

Siku za mwanzo alikaa sebuleni na shati lake lililopigwa pasi, anatazama ukuta. Ukimsemesha anakujibu vizuri, lakini mwenyewe hayupo. Mpaka siku moja Mama Keki akapiga kelele jikoni, "Jamani, mtu anishikie hii trei, naungua!" Mume akaingia kushika trei. Hakutoka tena. Akawa anapepeta unga, anaosha vyombo, anapaka siagi kwenye makopo ya kuokea. Na kwa kuwa mchoraji ni mchoraji tu, hata ukimvika aproni, akaanza kuzichora keki. Kabla keki ya harusi haijajengwa, yeye huichora kwanza kwenye kompyuta: ghorofa kwa ghorofa, nguzo zikae wapi, uzito uende wapi, ili isije ikalala ubavu mbele ya wageni. Tangu hapo hakuna keki ya Mama Keki iliyoanguka, na kabla ya hapo, tuseme ukweli, mbili tatu zilianguka.

Aliyeumia zaidi na habari hii alikuwa mama mzazi wa mume, aliyeishi nao. Huyu alikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka mingi, na ingawa alistaafu zamani, sauti haikustaafu. Kila mtu alimwita Bi Matroni, wajukuu wakiwemo. Mchana kutwa alikaa barazani na fimbo yake na simu yake ndogo ya vitufe, akihakikisha dunia inakwenda inavyotakiwa. Mtu akiuliza, "Bi Matroni, mbona siku hizi kijana wako namwona nyumbani tu, tena na aproni?", yeye hujibu bila kupepesa macho, "Yuko likizo."

Likizo gani hiyo ya karibu mwaka, hakuna aliyethubutu kuuliza. Lakini ndani ya nyumba alimwangalia mkwewe kwa jicho la pembeni, kana kwamba Mama Keki ndiye aliyemvua mwanawe suti akamfunga aproni kwa nguvu. Hakusema kitu. Mtu kama Bi Matroni asiposema kitu, jua kuna jambo.

Basi, ikaja nafasi ya kazi. Kampuni moja ya wachoraji, ya mji wa mbali, ilitafuta watu wa kuchora ramani wakiwa majumbani kwao na kuzituma kwa intaneti. Mume akaandika, akajibiwa. Usaili ni Alhamisi, saa nane mchana, uso kwa uso kwenye kompyuta.

Usiku ule walipokuwa wanakunja nguo za watoto, akamwambia mkewe, "Hii ikishindikana, nimeamua. Binamu yangu amenitafutia kibarua kwenye ghala la saruji kule kwao. Mwisho wa mwezi nitaondoka."

"Kule kwao ni mwendo wa siku mbili."

"Najua. Nitakuwa nakuja sikukuu."

Mama Keki alikunja soksi moja pamoja na shati, akaikunjua, akaikunja tena vibaya. Alitaka kucheka, alitaka kugomba, mwisho akasema tu, "Basi huo usaili utaufaulu." Alikuwa amemzoea jikoni mwake. Moyoni alijua hamtaki mume wa sikukuu.

Sasa tatizo. Nyumba haikuwa na intaneti. Na simu ya mume ilikwishakufa kifo cha ajabu: aliinama kuonja utamu wa keki, simu ikateleza kutoka mfuko wa shati, ikazama kwenye bakuli la unga uliokorogwa. Mama Keki aliokoa unga kwanza. Ndiyo maana kwenye barua ya maombi mume aliandika namba ya mkewe.

"Mbona rahisi," alisema msusi wa nyumba ya jirani, rafiki yake Mama Keki, walipomweleza. "Utamrushia intaneti ya simu yako kwa hotspoti." Msusi akaichukua ile simu, akiwa bado na kitana mdomoni, akaonyesha. Unaingia kwenye mipangilio, unawasha hapa, unaiandikia neno la siri. Ile kompyuta itaiona simu, itaomba neno la siri, mkishaipa mmemaliza. "Ila hapa chini usiguse ovyo," akaongeza. "Hapa ni pa kuhamishia simu zako kwenye namba ya mtu mwingine. Mimi huzihamishia kwa mume wangu nikiwa na kichwa cha mtu mikononi."

Mama Keki alirudi nyumbani anatembea kwa madaha kama injinia. Akaweka simu mezani, akawasha. Kwenye kioo cha kompyuta likatokea jina: Mama Keki.

"Neno la siri?" mume akauliza.

"Tarehe ya harusi yetu."

Mume akaandika. Ikakataa.

"Ahaa!" Mama Keki akaweka mikono kiunoni. "Ndiyo nilikuwa nataka kujua. Endelea, baba watoto, jaribu nyingine. Tarehe za wake zako ni nyingi eti?"

"Mke wangu, hii ndiyo tarehe."

"Kompyuta inasema siyo."

Walibishana mpaka Bi Matroni akaingia kujua nani anapigana. Mwishowe mume akaenda chumbani, akaleta picha ya harusi, akaigeuza. Nyuma kuliandikwa tarehe kwa mwandiko wa mpiga picha. Ilikuwa ile ile aliyoiandika mume. Mama Keki aliitazama picha, akakohoa, akasema inawezekana siku ile alikuwa na mawazo mengi. Mume alicheka mpaka akakaa chini. Bi Matroni naye akageuza uso ukutani, mabega yanamcheza, halafu akatoka bila neno.

Basi wakaliweka upya neno la siri kwa tarehe ya kweli, wakaungana, na ikakubali. Picha zikafunguka, sauti ikasikika. Ila kuta za nyumba ile zilikuwa nene, na sehemu pekee ambayo simu ilipata mtandao wa kutosha ni dirisha la jikoni, pale kwenye kizingiti, kati ya chupa ya rangi nyekundu na sabuni ya vyombo. Simu ikakaa dirishani, kompyuta ikakaa sebuleni mlango wazi. Kila kitu shwari, mpaka mteja mmoja akapiga kuulizia keki ya ubatizo. Intaneti ikakatika pale pale. Mama Keki alipomaliza kuongea, ikarudi.

Wakatazamana. Laini yake haikuweza kubeba mambo mawili: ni maongezi au ni intaneti, chagua moja.

"Hao watu wakikuona umeganda mdomo wazi watakuona hamnazo," alisema Mama Keki. "Lazima wateja wasinipigie."

Ndipo akafanya kosa ambalo mtu mwingine yeyote angelifanya bila madhara yoyote. Jumatano jioni aliketi, akaandika ujumbe, akautuma kwa namba zote alizokuwa nazo, kuanzia wateja, ndugu, fundi wa oveni mpaka muuza mayai: "Wapendwa, kesho Alhamisi kuanzia saa nane mchana mpaka saa tisa, naomba sana msinipigie simu. Asanteni."

"Umeandika vizuri," mume akasema. "Kwa adabu."

Wote wawili wakalala wametulia.

Alhamisi ikafika. Mume alitaka kuvaa shati na tai tu, chini abaki na kaptula yake ya kazi, maana kompyuta haioni miguu. Bi Matroni akapiga fimbo chini. "Mtu haendi kazini nusu! Vaa suruali, vaa viatu, funga kamba." Akavaa suti kamili, viatu vya kung'aa, akakaa sebuleni ameinyoosha shingo. Mama Keki alikuwa jikoni, amezima oveni mapema ili joto lisiisumbue simu, anapamba keki ya mviringo kwa maua ya krimu, sikio lote liko sebuleni.

Saa nane juu ya alama, wakatokea. Walikuwa wawili: bwana mmoja mwenye miwani, na mama mmoja mwenye sauti ya upole ambaye ndiye alionekana mkubwa wao. Salamu zikaenda vizuri. Akaulizwa alikotoka, akajibu. Akaulizwa ameshachora majengo gani, akaanza kueleza, na sauti yake ikaanza kupata ile nguvu ya zamani, mpaka Mama Keki akatabasamu peke yake na krimu mkononi.

Simu ikaita.

Wala asidhani mtu kwamba alikusudia. Mkono wake ulikwenda wenyewe. "Haloo mpenzi, keki gani?"

"Mama Keki!" Alikuwa mama wa bibi harusi mmoja. "Nimeuona ujumbe wako. Nikasema nipige nijue, kuna nini saa nane?"

"Hakuna kitu! Nilisema msipige!"

"Ndiyo nashangaa. Wewe husemi hivyo. Unaumwa?"

Akaikata. Sebuleni mumewe alikuwa anasema, "Haloo? Haloo? Mnanisikia?" Intaneti ikarudi, wale watu wakarudi, samahani zikapita. Hata hazijaisha, simu ikaita tena. Alikuwa dada yake mkubwa. Mama Keki akajikaza, hakupokea, akaikata. Dada akapiga tena. Akaikata. Akapiga tena, na kwa kuwa kila simu ikiita tu ile intaneti inazimia, mume huko sebuleni alikuwa anaonekana na kupotea, anaonekana na kupotea. Mama Keki akapokea akiwa na hasira.

"Mbona unakata? Kuna mtu amekushikilia? Kama umetekwa sema 'vanila'!"

"Dada, jamani!"

"Hujasema vanila. Basi sema hapana kama—"

Akaikata. Ikaita: muuza mayai. Ikaita: fundi wa oveni, ambaye miaka yote ukimtafuta yeye hapatikani. Watu ambao siku za kawaida wasingempigia mpaka mwezi ujao, leo wote wamejawa na huruma. Ungewaambia wasifungue mlango fulani, wangefuatana hadi pale wakauvunje. Mama Keki aliona kibarua cha ghala la saruji kinamjia mumewe kwa miguu yake chenyewe, na machozi ya hasira yakamlenga.

Bi Matroni akachungulia mlangoni. "Kuna nini humu? Mbona mtoto anasema haloo haloo kama amepotea?"

"Wananipigia, mama. Wote. Kila wakipiga, anakatika."

"Kwa nini wanapiga?"

"Kwa sababu niliwaambia wasipige."

Huenda Bi Matroni alikuwa na la kusema, na lingekuwa kali, lakini akalimeza. "Sasa?"

Hapo Mama Keki akakumbuka maneno ya msusi. "Mama, nikizihamishia kwako, utapokea?"

"Nimepokea simu za wazazi wa wasichana mia nne," Bi Matroni akasema. "Zilete."

Mama Keki aliingia kwenye mipangilio kwa vidole vyenye krimu, akabonyeza pale alipokatazwa kugusa ovyo, akaandika namba ya mkwewe. Bi Matroni akarudi barazani, akakaa, akaishika simu yake ndogo kama mtu anayeingia zamu. Haikuchukua muda.

"Haloo. Hapana, siyo yeye. Ni mkubwa wake. Yuko salama. Hajatekwa. Unataka keki au hutaki?... Ghorofa tatu za nini? Wageni wenyewe wangapi?... Basi chukua mbili, utabakiza. Kwaheri."

"Haloo. Fundi wa oveni? Wewe! Tangu lini unajua kupiga simu? Kaa hapo hapo, nina neno na wewe."

Jikoni Mama Keki aliziba mdomo kwa mkono asicheke kwa sauti. Simu pale dirishani ilikuwa kimya kabisa, na intaneti ikatiririka.

"Samahani sana," mume alikuwa anasema. "Sasa nadhani tuko sawa."

"Tatizo lilikuwa nini?" akauliza yule bwana wa miwani. Hakuonekana kufurahishwa.

Mama Keki akasogea mlangoni. Sema mtandao mbovu, akamwombea kimoyomoyo. Watu wote husema mtandao mbovu.

"Natumia simu ya mke wangu," mume akasema. "Yeye ni mwokaji keki. Jana aliwaomba watu wasimpigie saa hii, kwa hiyo leo wamempigia wote."

Yule mama akacheka. Bwana wa miwani hakucheka, ila aliegemea kiti. "Haya, tuonyeshe michoro yako."

Mume akaenda kuitafuta michoro ya majengo, ambayo yote aliiweka huko kwenye intaneti. Kale kaduara kakazunguka. Kakazunguka. Mtandao ulirudi, lakini nguvu ya kufungua michoro mizito hivyo haukuwa nayo. Mama Keki aliona shingo ya mumewe ikilowa jasho.

"Hakuna chochote hapo hapo kwenye kompyuta yako?" yule mama akauliza. "Kitu ulichofanya karibuni. Hivi umekuwa unafanya nini tangu kampuni yenu ifungwe?"

Swali hilo walikuwa wamelifanyia mazoezi. Mama Keki mwenyewe ndiye aliyemtungia jibu: aseme alikuwa anatoa ushauri kwa wateja binafsi. Jibu zuri, lenye heshima, halina shombo. Alilisubiri.

Mume akafungua mchoro, na kwenye kioo ikajaa keki ya ghorofa tano, imekatwa katikati ili uone ndani: nguzo, mbao nyembamba za kubebea kila ghorofa, vipimo pembeni, mishale ya uzito ikiteremka mpaka mezani.

"Huu nimeumaliza wiki hii," akasema. "Nimekuwa nafanya kazi jikoni kwa mke wangu. Naosha trei, napepeta unga, na nachora keki zake kabla hajazijenga. Krimu huyeyuka kwa joto, kwa hiyo huwezi kuitegemea ishike kitu. Mzigo wote lazima upite kwenye nguzo. Hii itasafirishwa kwenye gari, barabara mbovu, ndiyo maana nimeweka nguzo ndefu moja katikati, kutoka juu hadi chini."

Bwana wa miwani akaivua miwani, akaisogelea kompyuta yake. "Na hii hapa? Kwa nini hazikupangana na za chini?" Wakaanza kuongea. Dakika zikapita wanaongea nguzo na uzito, mume mikono yote miwili iko hewani anaonyesha. Mama Keki alikuwa amesimama mlangoni, mfuko wa krimu unamchuruzikia kiganjani, hajui.

"Kwa hiyo mwajiri wako wa sasa," yule mama akasema mwishoni, "tuseme ni mke wako."

"Ndiyo. Mwajiri wangu ni mke wangu."

Alisema hivyo tu, bila kuona haya, kama mtu anayetaja jina la ofisi kubwa. Barazani fimbo ya Bi Matroni iligonga sakafu mara moja, ikatulia. Madirisha yalikuwa wazi; naye alisikia.

"Tuna mtu mmoja tu aliyebaki wa kuzungumza naye," mama yule akasema. "Jibu tutakupigia leo leo, kabla ya jioni. Kwa namba ile uliyotupa."

Wakaagana. Mume akafunga kompyuta, akaingia jikoni na suti yake, akavua koti, akakunja mikono ya shati. Hakuweza kukaa. Akaanza kuosha trei.

"Ungewaambia ulikuwa unatoa ushauri," Mama Keki akasema, lakini bila ukali.

"Lilinikwama. Umekasirika?"

"Hapana." Akachukua kitambaa, akaanza kukausha alichoosha.

Wakangoja. Simu ilikuwa pale dirishani, inang'aa, kimya. Jua likasogea kutoka kwenye sabuni mpaka kwenye sinki. Mama Keki akaigusa, akaitazama, akairudisha. Tangu aanze kuoka keki hajaiona imekaa kimya namna ile.

"Ingekuwa ndiyo, wangeshapiga," mume akasema. Akatabasamu ili mkewe asihuzunike, tabasamu baya kuliko kilio. "Si kitu. Kesho nitamwandikia binamu. Ghala siyo mbaya sana. Nasikia wana hata mpira wa miguu jioni."

"Nyamaza kidogo," Mama Keki akasema.

Watu wazima wawili, na akili zao timamu, na hakuna aliyekumbuka kwamba simu zote zilikuwa bado zinakwenda barazani.

Fimbo ikasikika ukumbini. Bi Matroni akaingia jikoni, ameikumbatia simu yake ndogo kifuani, kiganja kimeziba pa kusemea. Uso wake ulikuwa wa siku ya ukaguzi wa bweni.

"Kuna mama hapa kwenye simu," akasema. "Nimemuuliza keki ya kilo ngapi, akasema hataki keki. Anamtaka mwajiri wa huyu." Akamnyooshea mwanawe kidevu. Kisha akamgeukia mkwewe. "Nimemwambia mwajiri wake yupo jikoni, asubiri, nampelekea."

Mama Keki hakusogea. Bi Matroni akamfuata, na kabla ya kumpa simu akamfuta unga shavuni kwa kidole gumba, taratibu, kana kwamba yule mama angemwona. "Sema naye, mwanangu," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo.

Mama Keki akaiweka simu sikioni. Kwa mara ya kwanza maishani hakujua apokeeje. "Haloo," akasema.

"Mama, samahani kwa usumbufu," sauti ya upole ikasema. "Mambo mengi tumeshayaamua, nimebakiwa na swali moja tu. Wafanyakazi wetu wanakaa majumbani, hatuwaoni. Nataka mtu ambaye hata akiachwa peke yake, bila msimamizi, atafanya kazi. Wewe umekuwa naye. Atafanya?"

Mama Keki alikuwa hodari wa kusifia. Angeweza kumsifia mtu keki ambayo bado ni yai. Akafungua mdomo atie chumvi, akakuta chumvi yenyewe hana. Akamtazama mumewe, amesimama kwenye sinki, ameipa simu mgongo.

"Siku ya kwanza aliniunguzia keki ya watu," akasema. "Niligomba sana. Kesho yake akaamka kabla yangu, akavaa shati lililopigwa pasi kama mtu anayekwenda ofisini, akaja akaosha trei zote nilizoziacha chafu. Na siku iliyofuata hivyo hivyo. Mpaka leo asubuhi, hata na huu usaili wenu, nimeamka nikakuta zimeoshwa. Hakuna aliyemwambia. Hakuna anayemsimamia. Watu hupita hapo dirishani wanamcheka na aproni yake, na yeye huwasalimia." Sauti ikaanza kumtetemeka, akaiacha itetemeke. "Mama, mimi sitaki kumwachia. Kwa hiyo mchukueni leo leo, kabla sijabadili mawazo."

Upande wa pili yule mama akacheka, kicheko chenye machozi ndani yake. "Basi mwambie aanze Jumatatu."

Mama Keki akamrudishia Bi Matroni simu. Mume alikuwa bado amegeukia sinki, anasugua trei ambayo ilikwishatakata zamani, mabega yanamtikisika.

"Umesikia?" akamuuliza.

"Nimesikia. Jumatatu."

"Siulizi Jumatatu. Yale mengine, umeyasikia?"

Akatikisa kichwa kukubali, hakuweza kugeuka. Mama Keki akaenda akasimama ubavuni pake, akaichukua ile trei kutoka mikononi mwake, akaiweka chini.

"Basi asante, mume wangu," akasema. "Asante kwa trei zote."